Tumuulize Nini Anayetaka Udiwani?





Mada tuliyopewa leo ni hii: mtu anapojitokeza kuomba udiwani katika mji mdogo, ni mambo gani yampasa kuyatanguliza, na sisi tunaoombwa kura tumpime kwa mizani gani?

Tungependa kueleweka tangu mwanzo. Hatukusimama hapa kumpigia debe mgombea wala chama chochote. Maadili ya uchaguzi katika nchi yetu yanakataza kampeni ndani ya nyumba za ibada, nasi twaona katazo hilo lina hekima kubwa. Tumechagua kulizungumza jambo hili wakati majukwaa yamekwisha kung'olewa, kwani siku za kampeni masikio hujaa ngoma na akili hupata nafasi ndogo ya kufikiri. Uchaguzi wa madiwani wa Tanzania Bara hufanyika kila baada ya miaka 5, na wa mwisho ulikuwa tarehe 29 Oktoba 2025. Basi tunayo nafasi ya kutosha ya kutafakari kabla ya kuombwa tena.

Jambo lenyewe latuhusu. Cheo ni amana, na dini yetu yatuagiza tuzikabidhi amana kwa wale wanaozistahiki. Mpiga kura ndiye mkabidhi. Lakini mkabidhi ambaye haijui amana anayoitoa ina nini ndani yake, atamjuaje anayeistahiki? Watu wengi hupiga kura ya diwani bila kujua diwani ana uwezo gani na hana uwezo gani. Hapo ndipo ahadi za uongo hupata mlango wa kuingilia.

Halmashauri ni kitu gani?

Baada ya Uhuru nchi yetu ilirithi mabaraza ya miji na ya wilaya. Kuanzia mwaka 1972 mabaraza hayo yalivunjwa, na shughuli zake zikachukuliwa na maofisa wa Serikali Kuu katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Haukupita muda mrefu ikaonekana kwamba huduma za miji, usafi ukiwa miongoni mwake, zilikuwa zinazorota. Mabaraza ya miji yakarudishwa mwaka 1978. Mwaka 1982 Bunge likatunga sheria mpya za Serikali za Mitaa: Sheria Namba 7 kwa mamlaka za wilaya, Namba 8 kwa mamlaka za miji na Namba 9 kwa fedha zake. Halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Katiba yetu nayo, katika ibara za 145 na 146, yasema kwamba kutakuwa na vyombo vya Serikali za Mitaa, na kwamba madhumuni yake ni kuwapa wananchi madaraka.

Kwa hiyo halmashauri si ofisi ya kupokea barua tu. Ni chombo kilichowahi kuondolewa, na kukosekana kwake kukahisiwa na watu katika mitaro na majalala. Ndani ya chombo hicho diwani ana nafasi mbili. Kwanza, ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, ambalo hukutana kila robo ya mwaka na lenye mamlaka ya kupitisha bajeti na kutunga sheria ndogo, zinazoanza kutumika baada ya kuidhinishwa na Waziri mwenye dhamana. Pili, ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata yake. Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ndiye mwenye kutekeleza na kushika kalamu ya malipo, haajiriwi na diwani. Huteuliwa na Rais. Diwani hana ghala la saruji wala hazina ya fedha. Silaha zake ni tatu: kuuliza, kushawishi wenzake, na kupiga kura katika Baraza.

Tutembee katika mji wa Pangani

Ili maneno haya yasibaki hewani, tuchukue mji mmoja mdogo kama mfano. Pangani, mkoani Tanga, ni mji wa zamani uliopo mahali mto unapomwaga maji yake baharini. Ni mji ambao watu wake waliinuka mwaka 1888 kupinga utawala wa Kijerumani. Leo ni makao makuu ya wilaya. Hauna halmashauri yake peke yake: kata zake, Pangani Mashariki na Pangani Magharibi, zimo ndani ya Halmashauri ya Wilaya, pamoja na kata za vijijini. Miji mingi midogo ndivyo ilivyo, kama vile Kilwa Masoko na Utete.

Sasa tutembee, na kila tunachokiona tuulize: hiki ni cha nani?

Barabara kuu itokayo Tanga ni ya TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000. Daraja la kuvuka Mto Pangani, lenye urefu wa zaidi ya mita 500, nalo ni sehemu ya mradi wa kitaifa wa barabara itokayo Tanga hadi Bagamoyo kupitia Saadani, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kivuko ambacho kwa miaka mingi kimewavusha watu kwenda Bweni, kimekuwa chini ya TEMESA. Barabara za mitaani zamani zilikuwa kazi ya halmashauri. Tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA. Maji kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2019 yako chini ya mamlaka za maji mijini na RUWASA vijijini. Umeme ni wa TANESCO. Ukuta uliojengwa kuuzuia mji usiliwe na bahari ulitokana na mradi wa kitaifa wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi.

Ndugu zetu, tumekwisha kupita mambo saba, na hakuna hata moja ambalo halmashauri inaweza kuliamua peke yake. Hata hivyo, tukikumbuka mikutano ya kampeni tuliyoihudhuria maishani mwetu, ni ipi ambayo mgombea udiwani hakuahidi barabara, maji na umeme?

Je, basi halmashauri imebakiwa na nini? Imebakiwa na mengi, na mengi yake ni yale yanayogusa mwili wa mtu kila siku. Soko ni lake, na ushuru wake. Stendi ni yake, na choo cha stendi. Machinjio ni yake. Diko la samaki na mnada wake unahusu mapato yake. Kuzoa takataka ni kazi yake. Zahanati na vituo vya afya, shule za msingi na za sekondari za Serikali, vyote vinasimamiwa na halmashauri. Upimaji na ugawaji wa viwanja umo humo. Maeneo ya makaburi yamo humo. Leseni za biashara na mikopo ya vikundi pia imo humo. Mtu aliyezaliwa katika zahanati ya mji mdogo, akasoma katika shule yake, akala nyama ya machinjio yake, akauza soko lake na akazikwa katika ardhi yake, amekuwa mkononi mwa halmashauri tangu kuzaliwa hadi kufa.

Mfuko una kiasi gani?

Baada ya kujua kazi, yatupasa kujua mfuko. Vyanzo vya mapato ya ndani ya halmashauri si vingi kama watu wanavyodhani. Kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee wetu waliiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na hapana shaka wengi walishukuru. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 wengi wetu twailipa kupitia LUKU tunaponunua umeme. Uliobaki zaidi ni ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni, ada za masoko na stendi, na vibali vya namna mbalimbali. Fedha nyingi kuliko hizo hutoka Serikali Kuu, lakini huja zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi, mishahara ikiwa ya kwanza.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Hizi si takwimu za Pangani wala za halmashauri yoyote. Ni namba za kufundishia tu. Tuseme halmashauri ndogo imekusanya kwa mwaka shilingi bilioni 1 ya mapato ya ndani. Maelekezo ya Serikali yamekuwa yakizitaka halmashauri zenye mapato madogo zitenge asilimia 40 kwa maendeleo. Hiyo ni shilingi milioni 400. Asilimia 10 ya mapato hayo ya ndani, yaani milioni 100, ni ya mikopo kwa vikundi. Zabaki milioni 300. Tuseme wilaya ina kata 14, na wote wamekubaliana kugawana sawa. Kila kata itapata kiasi cha shilingi milioni 21 na laki 4.

Milioni 21 hujenga nini? Mwaka 2021, Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, darasa moja lilikadiriwa shilingi milioni 20. Maana yake, katika mfano wetu, fungu la kata kwa mwaka mzima ni darasa moja, na kwa kipindi chote cha udiwani ni madarasa 5. Mgombea anayeahidi shule mpya, zahanati mpya, soko jipya na stendi mpya kwa pamoja, ama hajaifanya hesabu hii, ama ameifanya na anatumaini kwamba sisi hatutaifanya.

Hatusemi haya ili kumkatisha mtu tamaa. Twasema ili ionekane kwamba katika mfuko mdogo, kupanga kipi kitangulie ndiyo kazi yenyewe ya uongozi. Mwenye fedha nyingi anaweza kukosea mpangilio na bado akabaki na kitu. Mwenye fedha kidogo akikosea, mwaka umempotea, na pamoja naye wameupoteza watoto na wagonjwa wa kata nzima.

Mambo ya kutanguliza

Kwa maoni yetu, mgombea mwenye kuielewa amana hii angetanguliza mambo matano.

La kwanza ni mapato kufika mahali pake na hesabu kuonekana. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo huwasilishwa Bungeni kila mwaka, zimetaja mara kwa mara fedha zilizokusanywa kwa mashine za POS zisifike benki. Fedha hizo ni shilingi za mama lishe na mvuvi. Kabla hatujauliza mgombea ataleta nini kipya, tumuulize atalindaje kilichopo. Je, atadai katika kila kikao cha robo mwaka kuona kilicholipwa sokoni na kilichoingia benki, vikiwa bega kwa bega? Je, atabandika kwenye ubao wa kata mapato na matumizi, kwa lugha ambayo mtu wa kawaida ataielewa? Jambo hili halihitaji saruji wala mfadhili. Lahitaji mtu asiyeona haya kuuliza.

La pili ni usafi wa mahali watu wanapokutana: soko, stendi, machinjio na diko. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kisha kikaenea katika mikoa mingi ya nchi. Ugonjwa huu hauhitaji mganga wa mbali kuuelewa. Huingia pale choo kinapokutana na maji na chakula. Soko lisilo na choo wala maji ya kunawa ni mlango uliofunguliwa kwa maradhi. Wako wanaoona choo cha soko ni jambo dogo, lisilofaa kutajwa jukwaani. Tuwaulize akina mama wanaokaa sokoni tangu alfajiri hadi magharibi, ndio watakaotuambia kama ni dogo. Ni haki kabisa kwamba anayelipa ushuru kila siku apate mahali pa kujisitiri. Tena sisi, ambao twafundishwa kwamba tohara ni sehemu ya imani, hatuna udhuru wa kulichukulia jambo hili kwa wepesi.

Na tukumbuke kwamba Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alikwenda sokoni mwenyewe, akaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini pana unyevu uliofichwa, akamkemea muuzaji. Kusimamia soko, mizani yake na usafi wake si kazi ya kumshusha kiongozi hadhi.

La tatu ni kumaliza kabla ya kuanza. Katika nchi yetu neno "boma" limepata maana mpya: ni kuta zilizoinuliwa kwa nguvu za wananchi, kisha zikaachwa bila paa. Kuna maboma ya zahanati, ya madarasa na ya nyumba za walimu ambamo majani yameota. Kila boma ni michango ya watu iliyosimama kwenye mvua. Mgombea mwenye busara ataanza kwa kuyahesabu maboma ya kata yake, ajue kila moja linahitaji nini, na aape kwamba hataweka jiwe la msingi jipya hadi yaliyopo yawe na paa. Najua, ndugu zetu, jiwe la msingi lina picha na wageni, na bati halina. Lakini mtoto haketi chini ya jiwe la msingi. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi hutolewa bila ada, watoto wakaongezeka madarasani. Wao wanahitaji paa.

La nne ni mikopo ya asilimia 10. Tangu mwaka 2018 sheria imezitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii haina riba. Sisi ambao twalalamika kila siku kwamba mikopo ya mitaani inawanyonga akina mama zetu kwa riba, tumelitumiaje fungu hili? Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha baada ya kasoro kubwa kuonekana, zikiwamo fedha zilizotolewa kwa vikundi ambavyo havikuwapo na madeni yasiyorejeshwa, kisha ikairejesha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mgombea atuambie: majina ya vikundi yatatangazwa hadharani kabla ya fedha kutolewa? Atakuwa tayari kumnyima ndugu yake asiyestahiki? Na sisi je, tutarejesha? Fedha isiyorejeshwa na kikundi kimoja ni kikundi kingine kilichozuiwa mlangoni.

La tano ni ardhi. Mji mdogo hauwi mdogo daima. Penye barabara na daraja, wanunuzi wa viwanja hufika kabla ya lami kukauka. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Katika mji kama Pangani, wenye bahari upande mmoja na mto upande mwingine, mita 60 hizo ndizo zinazotenganisha nyumba na mawimbi. Diwani anayekaa kimya kiwanja cha ufukweni kinapogawiwa, amewaachia wajukuu wetu gharama ya ukuta mwingine. Kadhalika, maeneo ya shule, ya makaburi na ya wazi yapimwe na yawekewe mipaka mapema, kwani hayana wa kuyalilia mpaka yawe yamekwisha kuchukuliwa.

Barabara na maji je?

Mtu atauliza: basi diwani asitaje kabisa barabara na maji, hali watu wanachota maji mbali na bodaboda zinazama kwenye tope?

Ataje, tena kwa sauti kubwa. Diwani ni mdomo wa kata. Anaweza kuipeleka hoja TARURA ikiwa imeandikwa vizuri, ikitaja barabara ipi, inakatika mahali gani na wagonjwa wangapi wamechelewa. Anaweza kuifuata mamlaka ya maji mwezi baada ya mwezi, na kumkumbusha mbunge. Tunachomtaka ni uaminifu wa ulimi. Awe na orodha mbili. Katika ya kwanza aandike, "Haya nitayafanya, kwa kuwa yako ndani ya uwezo wa halmashauri." Katika ya pili aandike, "Haya nitayaomba, kwa kuwa yako mikononi mwa wengine." Orodha ya kwanza tutamdai matokeo. Ya pili tutamdai juhudi: barua alizopeleka, vikao alivyohudhuria na majibu aliyopewa.

Anayezichanganya orodha hizi hutudhuru mara mbili. Kwanza hutupa tumaini lisilo na msingi. Pili, na hili ndilo baya zaidi, hupata pa kujificha. Ukimuuliza kwa nini soko linanuka, atakwambia yuko mbioni kutafuta lami. Miaka 5 itakwisha akiwa mbioni, lami haikuja, na soko lingali linanuka.

Tena wako wanaosema kwamba mambo haya madogo hayaleti kura; watu wanataka kusikia makubwa. Huenda ni kweli kwamba ahadi kubwa hushangiliwa. Lakini ni nani anayeshangilia? Ni sisi. Tukiacha kushangilia lisilowezekana, wagombea wataacha kuliahidi. Mchuuzi huleta sokoni kile kinachonunuliwa.

Wajibu wetu sisi

Hapa ndipo yatupasa kujigeukia wenyewe, kwani si haki kumkagua mgombea na kujisahau.

Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu kitu kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mahakama Kuu ilikibatilisha mwaka 2006. Sheria imekwisha kusema, lakini je, mikono yetu imeacha kupokea? Khanga, kilo ya sukari na noti inayofichwa katika kupeana mikono, vyote ni bei. Aliyekwisha kulipia hadeni wala hadaiwi. Tukizipokea, tunapoteza haki ya kumuuliza habari ya choo cha soko, kwa kuwa naye atasema moyoni mwake, "Wewe nilikwisha kukununua."

Wajibu wa pili ni kudai stakabadhi kila tunapolipa ushuru. Mfanyabiashara anayekubali kulipa nusu bila stakabadhi, akaona amepata nafuu, ameshirikiana na mwizi kuiba mali ya umma, na katika umma huo mna mwanawe mwenyewe aliyekaa sakafuni darasani.

Wajibu wa tatu ni kuhudhuria. Vikao vya Baraza la Madiwani huwa wazi kwa wananchi kwa mujibu wa sheria. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuketi nyuma ya ukumbi tukamsikiliza diwani wetu akisema, au akinyamaza? Mikutano ya mtaa na ya kijiji huitishwa, na wanaofika huwa wachache. Akina mama nao wasibaki nyuma: sheria yataka viti maalumu vya wanawake visiwe chini ya theluthi moja katika halmashauri, na wanaovikalia wana haki ya kuulizwa sawasawa na wanaume.

Na wajibu wa nne ni kutunza ahadi. Tuandike. Kila jumuiya ya watu, wawe wa msikiti, wa soko au wa diko, iwe na daftari moja ambamo orodha mbili za mgombea zimeandikwa kwa tarehe, na kila mwaka, kabla ya vikao vya bajeti, daftari lifunguliwe mbele yake kwa adabu na heshima. Tusimtukane wala kumzulia. Tumsomee tu maneno yake, kisha tumpe nafasi ya kujibu. Akiwa amefanya, tumshukuru hadharani, kwani kiongozi mwema naye huchoka asiposikia neno jema. Akiwa hajafanya na ana sababu, tuipime. Akiwa hana sababu, kura ipo.

Ndugu zetu wapenzi, tumesema mengi, lakini yanakusanyika katika neno moja: amana hupimwa kwa kile kilichowekwa mkononi. Kwa diwani wa mji mdogo kimewekwa soko, zahanati, darasa, kiwanja na mfuko wenye shilingi za watu maskini. Atakayetuambia kwa ukweli atakavyovitunza hivyo, huyo tumsikilize, hata kama sauti yake ni ndogo na hana gari la matangazo.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwajua wanaostahiki amana, awape nguvu wale waliokwisha kuibeba kwa haki, na atulinde sisi na tamaa ya kuiuza. Amin.